Naomba ushauri: baada ya Scarpetta nisome nini?

Wakuu, habari za usiku. Nimemaliza Postmortem, riwaya ya upelelezi ya Patricia Cornwell (1990), ile ya Kay Scarpetta, daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo jimbo la Virginia. Nimekesha nayo siku mbili. Kilichoninasa ni kazi yenyewe ya mochwari: yale mabaki yanayometameta mwilini ukiyamulika kwa leza! Mwandishi aliwahi kufanya kazi ofisi ya aina hiyo Richmond, na inaonekana.

Sasa nataka nyingine ambazo daktari ndiye anaifukuzia kesi, siyo polisi anachungulia mochwari dakika mbili anaondoka. Niendelee na mfululizo huu kwa mpangilio au naweza kuruka? Na kwa Kiswahili zipo? (Mke wangu keshanikataza kumsimulia tukiwa tunakula.)