Vocha ya Ohio: mmoja aende, mmoja abaki?

Mama Zuhura (Ohio)
Wadau, nisaidieni mawazo. Mwanangu wa kiume mwakani anaingia darasa la sita. Vocha ya EdChoice, hela ya jimbo ya kulipia ada ya shule binafsi, huku kwetu tangu 2023 iko wazi kwa kila familia, si tena kwa wale tu ambao shule zao zimefeli au wenye kipato kidogo. Mwaka ule ilikuwa hadi dola 6,165 kwa watoto wa hadi darasa la nane. Nimetembelea shule moja ya kanisa: watoto 18 darasani, pametulia. Anakosoma sasa wako 29, na mwalimu wa hesabu amebadilishwa mara tatu tangu Agosti. Juzi nilifungua begi lake nikatoa daftari la hesabu. Kurasa nne tu zimeandikwa, na tuko Februari.
Tatizo ni dada yake. Ana shida ya kusoma, na shule ya umma imemwekea mpango maalumu na mwalimu wake. Ile ya kanisa wameniambia kwa upole kwamba hawana wa kumhudumia. Sasa mmoja aende, mmoja abaki?

Kibo_Houston
Chukua vocha dada, usiulize mara mbili. Hela ni ya mtoto, si ya jengo. Huku Texas tumesubiri miaka mpaka gavana Abbott akasaini sheria ya vocha 2025, dola bilioni 1 za kuanzia. Houston jimbo lilichukua uendeshaji wa shule 2023, na maktaba za baadhi ya shule zikageuzwa kuwa vyumba vya kuwaweka watoto waliotolewa darasani. Maktaba! Mzazi anayejali hawezi kumwacha mwanawe shule ya mtaa eti anaitetea serikali.

Dereva wa Basi la Njano (Ohio)
Kaka Kibo, "mzazi anayejali" umemkusudia nani? Mimi naamka saa kumi na moja kasoro dakika kumi, naendesha basi la shule za umma. Kwa sheria ya jimbo hili basi hilohilo linabeba na watoto wa shule binafsi na za chata, zile za umma zinazoendeshwa kwa mkataba. Kuna binti mmoja namchukua kwanza, kungali giza, kofia imemfunika mpaka macho. Ni wa vocha, na nampenda kama wengine wote. Wangu watatu wako shule ya mtaa. Usiku tunakaa mezani na hesabu za sehemu hadi mdogo anasinzia juu ya kitabu. Usiniambie sijali.

Kibo_Houston
Sikukutaja wewe. Ila ukijiona ndani ya sentensi, shauri yako.

Mwalimu Atieno (Maryland)
Vijana, shusheni sauti. Mimi nafundisha shule ya umma mwaka wa 11 sasa. Kabla hamjaisifu vocha, jueni ilikopita. Mwanauchumi Friedman aliandika wazo lake la vocha 1955, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku shule za kibaguzi 1954 tu. Kule Virginia, kaunti ya Prince Edward, walifunga shule zote za umma kuanzia 1959 hadi 1964 ili wasichanganye watoto. Wazungu wakapewa ruzuku za kulipia shule zao binafsi. Watoto weusi miaka mitano hawakuwa na shule ya umma, na waliokosa ndugu wa kuwapokea kaunti nyingine walikaa nyumbani. Vocha ilikuwepo. Haikuwa yao.

Kibo_Houston
Kwa hiyo mimi, mtoto wa Moshi, naambiwa natetea ubaguzi? Mwalimu, hilo limenikaa vibaya. Aliyeleta vocha Milwaukee 1990 alikuwa Polly Williams, mama mweusi, mbunge wa jimbo, Democrat. Alichoka kuona watoto wa mtaa wake wanapandishwa mabasi kupelekwa mbali kwa jina la usawa, wakirudi hawajui kusoma. Akashirikiana na gavana Thompson, Republican, kwa sababu wenzake walimpa mgongo. Walianza na watoto 341 wa familia maskini. Huyo naye utamwita nani?

Mwalimu Atieno
Nitamwita kwa heshima zote. Na nitakukumbusha kwamba walipoanza kupandisha kiwango cha kipato ili na wenye uwezo waingie, yeye mwenyewe alipinga. Alitaka mlango wa maskini, na mlango huo ndio Ohio wameupanua 2023 kwa kila mtu. Mwenye mtoto aliyekuwa tayari anamlipia ada sasa anapunguziwa ada na kodi yangu na yako.

Kibo_Houston
Naye halipi kodi? Anazilipia shule asizozitumia miaka yote.

Mwana wa Goma (Louisville)
Mimi niseme ya Kentucky. Novemba 2024 nilipiga kura yangu ya kwanza tangu niape uraia. Swali mojawapo lilikuwa kama katiba ya jimbo iruhusu hela ya umma kwenda shule zisizo za umma. Lilishindwa katika kaunti zote 120. Zote! Vijijini ambako Trump alizoa kura, na huko wakakataa. Ni kwamba kijijini shule binafsi hakuna, vocha utaipeleka wapi? Halafu shule ndiyo inayoajiri watu, ndiyo inayopikia watoto, Ijumaa ndiyo mpira.
Ila wewe Dereva, hapo kwenye mabasi umenigusa pabaya. 2023 siku ya kwanza ya shule, huku mjini watoto wa mwisho walishushwa karibu saa nne usiku. Nchi nzima ilisikia. Shule zikafungwa siku kadhaa.

Dereva wa Basi la Njano
Nilisikia. Njia zilikuwa zimepangwa na kompyuta. Dereva hakuulizwa.

Mwana wa Goma
Na mwaka uliofuata wakafuta mabasi ya watoto wengi waliokuwa wakienda shule teule za umma, zile ambazo mzazi huomba mwenyewe. Jirani yangu, mama wa Uvira, anafanya kazi ghalani usiku na hana gari. Alirudisha mtoto shule ya karibu. Uhuru wa kuchagua ukabaki kwa mwenye gari.

Kibo_Houston
Mada ni shule, si mabasi.

Dereva wa Basi la Njano
Mtoto asipofika, shule ni ya nani? Wewe unapiga hesabu ya ada, mimi napiga hesabu ya madereva. Shule binafsi ina likizo zake, ya chata ina ratiba yake, na basi ni lile lile. Dereva mmoja akiugua, njia mbili zinaunganishwa na mtoto anakaa kituoni dakika 40 kwenye baridi inayoumiza meno.

Salma_Minneapolis
Jamani msizichanganye shule za chata na vocha. Chata ni shule ya umma isiyotoza ada, ila inaendeshwa na kundi lililopewa mkataba. Sheria ya kwanza ni ya hapa kwetu Minnesota, 1991, na shule ya kwanza ilifunguliwa St. Paul 1992. Binti yangu amesoma moja, nashukuru mpaka leo.

Mwalimu Atieno
Zipo nzuri, sikatai. Za Boston zimeinua watoto kweli. Lakini hapo Ohio ilikuwepo ile ya mtandaoni, ECOT. Jimbo likagundua imelipwa hela za wanafunzi ambao haikuweza kuthibitisha kwamba wanasoma, dola milioni 80 hivi kwa miaka miwili. Ikafungwa Januari 2018, katikati ya mwaka wa shule, na watoto 12,000 hivi wakatafuta pa kwenda.

Kibo_Houston
Na za umma ngapi zinafeli miaka 30 mfululizo na hazifungwi? Angalau ile ilifungwa. Mwalimu unatetea kazi yako, sema tu.

Mwalimu Atieno
Natetea kazi yangu, ndiyo. Na huko New Orleans baada ya kimbunga Katrina, walimu na wafanyakazi zaidi ya 7,000 waliachishwa kazi, na shule zikageuzwa za chata. Wengi wa walimu hao walikuwa akina mama weusi, nguzo za mitaa yao. Niwe na haya kutetea kazi hii?

Mama Zuhura
Samahani kuwaingilia. Nimesoma yote tangu jana, Virginia, mabasi, Katrina. Hakuna hata mmoja aliyegusa habari ya binti yangu.

Mwalimu Atieno
Unisamehe mama, ni kweli. Sikiliza. Huo mpango wa binti yako umesimama juu ya sheria ya nchi ya tangu 1975: shule ya umma lazima imhudumie bure. Ukimtoa kwa vocha, haki hiyo kwa sehemu kubwa unaiacha mlangoni. Ohio kuna vocha nyingine, ya Jon Peterson, kwa watoto wenye mahitaji maalumu, lakini nayo shule hailazimiki kumpokea. Usisaini chochote kabla hujakaa na timu yake. Omba kila watakachokuambia kiandikwe.

Kibo_Houston
Dada, hapo Mwalimu yuko sahihi. Nilikimbilia mvulana nikamruka binti. Ila mvulana na kurasa zake nne bado nasema mtoe.

Salma_Minneapolis
Na ile kesi? Jaji wa kaunti ya Franklin Juni 2025 alisema EdChoice inavunja katiba ya jimbo.

Mwalimu Atieno
Alisema hivyo, ila akaacha iendelee rufaa ikisikilizwa. Na mahakama kuu ya jimbo hilohilo ilisema 1997 kwamba kutegemea mno kodi ya nyumba kugharamia shule kunakiuka katiba. Mtaa wa nyumba za bei ndogo bado una shule ya hela ndogo.

Dereva wa Basi la Njano
Mama Zuhura, swali la kazi. Kutoka shule ya mtaa aliyopangiwa hadi hiyo ya kanisa ni dakika ngapi kwa gari? Ikizidi 30, hawalazimiki kumpa basi.

Mama Zuhura
Nimetoka kupima sasa hivi. Dakika 34. Binti alikuwa kiti cha nyuma, akaniuliza kama naye atapewa lile sweta la bluu.

Dereva wa Basi la Njano
Ulipima saa ya foleni. Pima tena Jumapili asubuhi, andika namba zote mbili, uwapigie ofisi ya usafirishaji wiki hii. Usisubiri Agosti. Agosti simu hazipokelewi.