Kidude cha kusikilizia kwenye boti ya Mokowe kila siku, nichukue kipi?

abiria_wa_alfajiri

Asalaam aleikum jamani. Mimi nakaa Langoni hapa Amu, kisiwani Lamu, na kazi yangu iko Mokowe ng'ambo ya bara, kwa hivo kila siku asubuhi nashuka gatini napanda boti na jioni narudi, na ukitia kule kungoja mpaka ijae basi ni kama saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Zamani nilikuwa nasikiliza kwa simu. Sa simu ya kwanza iko chini ya gati la Mokowe mpaka leo, ilinitoka mkononi nikiruka kutoka kwenye boti, na hii ya pili haikuzama hata, ilirushiwa maji tu kusi iliyopita, tundu la chaji likafanya kutu ya kijani, fundi akanisafishia nikalipa na baada ya wiki mbili ikarudia vilevile. Nshachoka. Simu sasa inasafiri ndani ya mkebe wa chakula, imefungwa, haitoki mpaka nifike.

Kwa hivo nataka kidude cha kusikilizia peke yake. Asubuhi nasikiliza darsa, na hizi darsa moja ni saa nzima au zaidi, kwa hivo lazima kikumbuke nilipofikia manake kutafuta dakika ya 43 na boti inaruka ni adhabu. Jioni taarabu. Kiwe na vibonye vya kushika, si skrini ya kugusa, kwa sababu tukishavaa majaketi ya kujiokolea mfuko hauonekani, napapasa tu na vidole vyenyewe vimelowa. Video sitaki. Bajeti elfu 4, ikizidi sana elfu 5.

Binamu yangu anasema nitafute iPod ya mkono wa pili. Na kuna duka hapa nimeonyeshwa vile vi-MP3 vidogo vya kubana kwenye shati, shilingi 500 tu. Nishaurini.

matatu_ya_kilifi

Waaleikum salaam ndugu yangu. Mimi niko Malindi nafanya kazi Kilifi, kilomita kama 60 kila asubuhi, maji ya chumvi sina lakini nina spika ya matatu juu ya kichwa changu kwa hivo tunaelewana.

Kile cha 500 nilinunua, tena viwili, kwa sababu cha kwanza kilipokufa nikadhani nimepata kibovu kwa bahati mbaya. Hakina skrini, ukikizima kikiwaka kinaanza wimbo wa kwanza tena, mimi miezi miwili nzima kila asubuhi nilikuwa naanza na wimbo uleule mpaka nikauchukia na nilikuwa naupenda. Betri saa mbili tatu. Kwa darsa za saa nzima usijaribu.

iPod nayo wacha. Apple waliacha kuziuza 2022, ile aina ya touch ikiwa ya mwisho, nano na shuffle walishaziacha tangu 2017, kwa hivo unayopata ni ya zamani na betri imechoka, na kufungua kubadilisha betri si kazi ya kila fundi. Halafu huwezi kutia nyimbo kwa kuburuta folda kama fleshi, mpaka upitie programu yao kwenye kompyuta. Kama kompyuta unayotumia ni ya ofisini utapata shida.

Lakini mimi ningekuambia hivi, pesa usiimalize kwenye kidude. Weka nyingine kwenye erfoni. Zile ngumu za plastiki zinazoning'inia tu sikioni hazizuii sauti ya nje hata kidogo, kwa hivo unapandisha sauti mpaka juu kabisa kushindana na injini. Chukua zenye viraba laini vinavyoingia ndani ya sikio, huwa zinakuja na saizi tatu, jaribu zote tatu, na wengi sikio la kulia na la kushoto si saizi moja wallahi. Kikikaa sawa injini inarudi nyuma kama iko chumba cha pili na unasikia darsa kwa nusu ya sauti. Shirika la Afya Duniani kiwango chao ni desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na ukipanda juu ya hapo saa zinapungua haraka sana. Mimi nilishaanza kusikia mlio wa mbu usiku na mbu hayuko.

bi_shela

Na mbona hakuna aliyetaja Sony, wao ndio walioanza mambo haya na Walkman 1979. Wana ile NW-WS413, haina waya kabisa, kidude chenyewe ndicho erfoni, kimetengenezwa kwa waogeleaji na kinaingia baharini, maji ya chumvi, mpaka mita 2. Betri saa 12, na ukichaji dakika 3 tu unapata saa nzima ya kusikiliza. Mgeni mmoja alikuwa nacho hapa Shela anaogelea nacho kila asubuhi, nikamuomba nijaribu. Kina kibonye ukibonya unasikia na watu wa nje wanavyozungumza. Ndicho cha bahari hicho kaka.

fundi_wa_vibovu

Dada bi_shela umesema kweli kidude ni kizuri, mimi mwenyewe nakitamani, lakini bajeti yake ni elfu 4 na hicho kitaipita mbali. Na kina GB 4 tu, hakuna pa kutia kadi.

Sasa abiria, nisikilize kidogo manake mimi nafungua vitu hivi. Kwanza hiyo kutu ya kijani. Ile ni shaba inaliwa, na inaliwa haraka zaidi ukichomeka chaji kukiwa bado na unyevu wa chumvi ndani, umeme na maji ya chumvi vikikutana kwenye shaba ndio basi. Watu wanaleta simu wananiambia lakini imeandikwa haiingii maji. Vipimo vile vinafanywa kwa maji yasiyo na chumvi, si ya bahari! Ukirushiwa, zima, chukua kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba kidogo ukamue vizuri, futa chumvi, kisha kitambaa kikavu, kisha wacha mpaka kikauke kabisa kabla ya kuchaji. Na mchele ni wa pilau, usizike kitu humo, hata Apple wenyewe wamewaambia wateja wao wasitie simu kwenye mchele, chengachenga zinaingia tunduni.

Kidude sasa. Kwa haja yako ningetafuta SanDisk Clip Jam. Ni kidogo kama kiberiti, kina klipu nyuma, vibonye vya kweli unavipapasa bila kutazama, skrini ndogo, redio ya FM, betri saa 18 hivi, na kinachukua memori kadi mpaka GB 32. La muhimu kwako: kina folda ya Audiobooks na ya Podcasts, faili ukiitia humo kinakumbuka ulipofikia. Ukiitia kwenye Music hakikumbuki, kinaichukulia ni wimbo. Watu wengi hawajui hilo wanasema kibovu. Amu sidhani utakikuta dukani, itabidi uagize au upate mtu wa Mombasa au Nairobi akutafutie, na wa mkono wa pili ni sawa pia ukikijaribu kwanza.

Ukikikosa, kabambe, yaani simu ndogo ya vibonye. Usicheke. Nokia 110 ile ya 2019 ina MP3, redio, tundu la erfoni la kawaida na inachukua kadi ya GB 32 pia, chaji hata ikikaa siku kadhaa bado ipo, na ikianguka majini hulii sana. Sijui kama inakumbuka dakika lakini dawa yake ni rahisi, kata darsa vipande vya dakika kumikumi. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa mp3DirectCut, inakata bila kuharibu sauti.

Na kadi nunua ya GB 32, usishawishike na ya 64. Kubwa zaidi ya 32 huwa inakuja na mpangilio mwingine wa ndani, exFAT, na vidude hivi vidogo vinajua FAT32 tu, utaambiwa hakuna kadi. Halafu GB 32 unazimalizia wapi? Darsa ni mtu mmoja anazungumza, ukiigeuza iwe kbps 64 (kbps ni wingi wa data kwa sekunde, ikiwa ndogo faili inabanwa zaidi) saa moja ni MB 29 hivi, kwa hivo zinaingia saa zaidi ya 1,000. Wewe unasafiri saa mbili kwa siku. Utakaa kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kurudia. Taarabu usiifanyie hivo lakini, violini na udi vikibanwa vinalia kama viko ndani ya debe, nyimbo wacha 192 au zaidi.

abiria_wa_alfajiri

Fundi Mungu akuzidishie. Bi_shela nacho nimekiangalia, nimefunga ukurasa haraka kabla sijafanya ujinga.

Swali moja, rafiki yangu ana kidude cha aina hiyo na darsa zake zinajipanga ovyo, ya 1 halafu ya 10 halafu ya 11 ndio inakuja ya 2. Hiyo inakuwaje?

fundi_wa_vibovu

Kidude hakijui hesabu, kinasoma herufi moja moja. 1 na 10 zote zinaanza na 1 kwa hivo kinaziweka pamoja. Ziandike 001, 002, 003 mwanzo wa jina la faili, zitanyooka.

Zikikataa bado, basi ni kile kinachofuata mpangilio wa kunakili, yaani iliyoingia kwanza kwenye kadi ndiyo inalia kwanza, jina halitazamwi kabisa. Hapo futa yote, uanze upya, nakili folda moja ikimalizika ndio uingize nyingine. Inachosha lakini ni mara moja.

nahodha_mstaafu

Wanangu mimi vidude sivijui, nilikuwa na redio ya mbao. Lakini ndia hiyo ya Mokowe naijua. Nawaambia sikio moya liwe wazi. Kusi likivuma na mai yakiingia upande mmoja nahodha hapigi honi, anapiga ukelele, "haya sogeeni upande wa pili!", na kila ntu anasogea ila yule mwenye nyuzi masikioni, amekaa kama gunia la tende, na boti inalalia upande wake. Nimewahi kumrushia ntu kata ya kufutia mai ndipo akageuka. Darsa ni jambo zuri lakini isiwe sababu ya kutufikisha kwa aliyetajwa kwenye darsa.

matatu_ya_kilifi

Shikamoo mzee wangu 😂 hiyo ya mwisho nimecheka peke yangu ndani ya gari watu wananitazama.

Lakini mzee amesema kweli na mimi nilisahau kuwa yeye yuko baharini. Abiria, viraba vinazuia sauti ya nahodha pia. Tia kimoja tu ile upande usio wa injini, na kwenye kidude tafuta sehemu ya mono kama ipo, yaani masikio yote mawili yanapata sauti ileile, manake taarabu nyingine za zamani wameweka violini sikio hili na sauti sikio lile, utasikiliza wimbo usio na mwimbaji.

bi_shela

Kile changu cha Sony kina kibonye cha kusikia watu wa nje, nilisema mimi.

abiria_wa_alfajiri

Shikamoo mzee, nimesikia na nimekubali, hata gunia la tende nadhani namjua.

Narudi na habari baada ya wiki tatu. Clip Jam nilimtuma shemeji yangu Mombasa akaikosa, akapata moja ya mkono wa pili lakini klipu imevunjika na mwenyewe anataka elfu 4 kamili, nikasema hapana. Basi nikatoa kabambe ya mamangu iliyokuwa kabatini, Nokia 110 hiyohiyo, alikuwa ashahamia simu kubwa ya kuona wajukuu. Nikanunua kadi ya GB 32 na erfoni za viraba, zote mbili hazijafika elfu 2. Laini sikutia, nisije nikapigiwa katikati ya darsa. Darsa nimezikata vipande, 001 mpaka 214, ilinichukua Ijumaa nzima baada ya swala na mke wangu akauliza kama nimeajiriwa pengine.

Inafanya kazi. Kibonye cha kati nakibonya juu ya kanzu bila kuitoa mfukoni. Juzi tulirushiwa maji vizuri karibu na mlango wa mkondo, nilipofika nikaifuta kama ulivyosema fundi na sikuichaji mpaka asubuhi, tundu bado linang'aa. Sikio la kulia natia, la kushoto liko wazi kwa ajili ya mzee.

Shida ni moja. Tangu jana hilo sikio la kulia linasikika chini, kama mtu anazungumza nyuma ya pazia. Hivi tayari chumvi ishaingia ama?

fundi_wa_vibovu

Umebadilisha ukaweka cha kushoto kwenye sikio hilohilo ukasikia vipi?

abiria_wa_alfajiri

Nimejaribu sasa hivi. Cha kushoto kiko sawa, sauti imejaa.

fundi_wa_vibovu

Basi si chumvi. Chomoa kile kiraba, kitazame ndani kwenye mwanga, kuna wavu mdogo. Hiyo ni nta yako ndugu yangu. Kiraba osha kwa sabuni, wavu ufute kwa mswaki mkavu ukiwa umeuelekeza chini, na usiudunge sindano.

abiria_wa_alfajiri

Ni kweli. Aibu. Imerudi.