Gramafoni ya marehemu babu: ni ya miaka gani, na je, niibadilishe?

Mjukuu wa Tanga

Wakubwa, shikamooni. Katika kugawana vyombo vya marehemu babu nimepata gramafoni ya kutia ufunguo. Ni sanduku lililovikwa kitambaa cheusi mfano wa ngozi, lenye mpini wa kubebea, na ndani ya kifuniko ipo ile picha ya mbwa anayesikiliza pembe, ingawa pembe yenyewe siioni popote. Mkono unaoshika sindano umepinda kama shingo ya bata, na kwenye kichwa chake panasomeka 5A. Mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale ananiambia kuwa sanduku hili ni la kawaida mno, naye yuko tayari kunipa badala yake gramafoni yenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa, yenye picha ileile ya mbwa. Naomba kuelimishwa kabla sijampa jibu.

Mpenda Santuri

Marahaba. Pembe unayo, ila imefichwa ndani ya sanduku. Sauti hutokea upande wa bawaba na kurudishwa mbele na kifuniko kilicho wazi, na ndiyo maana haifai kuipiga huku umekifunga nusu. Kwa maelezo yako, hiyo yaelekea kuwa HMV 102 (HMV ni His Master's Voice, jina la biashara la kampuni yenye nembo ya mbwa huyo), iliyoanza kuuzwa mwaka 1931 na kuendelea kutengenezwa Uingereza hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Iliyoitangulia, yaani 101 ya mwaka 1925, ilitumia kichwa namba 4 chenye kiwambo (utando unaotetemeka na kutoa sauti) cha ulanga, ilhali kiwambo cha 5A ni cha alumini. Hata hivyo, usitegemee kichwa peke yake, kwa kuwa huchomoka kwa urahisi na mafundi wengi walikuwa wakikibadilisha. Tafuta kibati cha namba, na ukikuta herufi baada ya 102, iandike, kwa sababu herufi hizo hutofautisha matoleo.

Picha ya mbwa haithibitishi umri. Kampuni iliununua mchoro huo kwa Francis Barraud mwaka 1899, na nembo ikaendelea kubandikwa kwa miongo mingi.

Mchunguzi wa Vikale

Mimi nitajibu hilo la kubadilishana: usikubali. Gramafoni nyingi za pembe ya shaba zinazouzwa kwa watalii leo zimeunganishwa India katika miaka ya karibuni, kwa mitambo na vichwa vilivyong'olewa kwenye masanduku kama hilo lako. Yaani huenda anataka kulichinja la kwako ili apate viungo vya kutengenezea jingine la bandia!

Ukitaka kumpima, tazama mkono wa sauti. Katika gramafoni halisi za kampuni hiyo zenye pembe ya nje, mkono huanza mwembamba kwenye kichwa na kupanuka polepole kuelekea nyuma, hadi unapokutana na kiwiko cha pembe bila kuacha ngazi. Kwenye za bandia utakuta mkono mwembamba wa sanduku la kubebea umechomekwa kwenye kiwiko kinene cha shaba, na mara nyingi boksi lenyewe lina pande nane, mbao zake ni mpya zilizopakwa rangi nzito, na kibati cha mbwa kimepigiliwa mbele ili kila mtu akione.

Fundi Kamani

Kabla ya kutia ufunguo, fahamu kwamba grisi iliyomo ndani ya pipa la kamani, yaani springi inayouendesha mtambo, huganda kwa miaka. Zungusha ufunguo mara chache tu, kisha uachie sahani izunguke. Ukisikia mtambo unagonga kwa ghafla, kamani inanata na kuachia kwa kishindo, kwa hiyo simamisha. Usilifungue pipa hilo mwenyewe hata kidogo. Kamani ikifyatuka inaweza kukata vidole. Gavana, yaani kidhibiti mwendo, ile yenye vizito vidogo vinavyotanuka kadiri mwendo unavyoongezeka, inahitaji mafuta mepesi tu. Ili kupima mwendo, weka kipande cha karatasi chini ya ukingo wa santuri, hesabu mizunguko kwa dakika moja, na urekebishe mpaka ifike 78. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa santuri, baada ya hapo hutupwa, na santuri za plastiki za mizunguko 33 usizithubutu, kwani uzito wa kichwa hicho utazichimba.

Mpenda Santuri

Nyongeza kuhusu santuri, iwapo babu aliacha zozote. Usizisafishe kwa spiriti, kwa kuwa zimetengenezwa kwa utomvu wa lakri ambao huyeyuka katika pombe. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Nakili maandishi ya lebo pamoja na namba zilizochongwa karibu nayo. Siti binti Saad na wenzake walirekodiwa Bombay mwaka 1928, na santuri za taarab za miaka hiyo zina thamani kubwa kuliko sanduku lolote la kuzipigia.

Mjukuu wa Tanga

Nashukuru sana. Kibati nimekiona, kimeandikwa 102 na herufi C. Santuri zipo chache ndani ya mfuko wa magunia, mbili zikiwa na lebo za Kiarabu. Nitanakili namba zake na kuziweka hapa. Mfanyabiashara nimeshamjibu kuwa sitabadilisha.