Naomba ushauri: mdahalo umeniacha njia panda

Habari zenu wakuu. Jana usiku nimeangalia mdahalo wa viongozi wa vyama viwili vinavyoshindana, mwanzo hadi mwisho, daftari mkononi. Hii itakuwa kura yangu ya kwanza, sitaki kuipiga kwa ushabiki.

Shida ni hii. Nikisoma daftari langu, wa kwanza ndiye aliyejibu maswali: alieleza fedha za mpango wake wa afya zitatoka wapi na utachukua miaka mingapi. Ila jasho lilikuwa linamtoka, anapekua karatasi, hamtazami mwenzake usoni. Wa pili alitulia kabisa, akaitazama kamera kama anaongea na mimi peke yangu, na moyo wangu ukaenda kwake. Asubuhi nimetafuta alichosema kuhusu ajira, nimekuta neno moja tu: "tutaboresha".

Najua si jambo geni. Mwaka 1960 kule Marekani, mgombea urais Richard Nixon aliingia kwenye mdahalo wa televisheni na mpinzani wake John F. Kennedy akiwa ametoka kuugua, uso umempauka, na mpaka leo sura yake inazungumzwa kuliko hoja zake. Lakini utulivu nao si sifa ya kiongozi? Hapo ndipo ninapokwama.

Kaka yangu ananiambia niusikilize tena kwa sauti tu, bila picha.

Wenye uzoefu, ninyi mnapimaje? Takwimu wanazotupiana mnazihakiki wapi? Na kuna aliyewahi kubadili kura yake baada ya mdahalo, asijute?