Mazabodi gani inakula umeme kidogo kwa ruta ya kujiundia?

Mkazi_Chumbageni

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga. Nyumba yetu ina wapangaji uani, sote tunatumia faiba moja ya Mbps 50. Kwa sasa ruta yangu ni kompyuta ya mezani ya zamani, HP yenye Core i5, nimeichomeka kadi ya mtandao ya milango miwili na ndani kuna OPNsense, programu inayoigeuza kompyuta kuwa ruta. Kazi inafanya vizuri sana. Tatizo ni umeme. Nimeipima kwa kimita cha soketi, inakula wati 52 hata usiku watu wamelala. Kwa mwezi ni kama uniti 37, na sisi tuko kwenye kile kiwango cha matumizi madogo cha uniti 75. Yaani ruta peke yake inamaliza nusu, friji na taa vinagombea nusu iliyobaki.

Jambo la pili ni umeme wenyewe kukatika. UPS yangu (betri ya akiba) haivumilii mzigo huo, mtandao unazima na mtoto yuko katikati ya kipindi chake cha masomo.

Ninachohitaji: mtandao wa wapangaji utenganishwe na wa familia, WireGuard (aina ya VPN) ili niingie nyumbani nikiwa safarini, na kugawa spidi ili mmoja akipakua sinema wengine wasikwame. Nimeona njia hizi:

1. ASRock N100DC-ITX mpya, mazabodi yenye prosesa ya Intel N100.
2. Fujitsu Futro S920 iliyotumika, kompyuta ndogo ya ofisini.
3. Kile kiboksi cha Kichina chenye N100 na milango minne ya mtandao yenye chipu ya Intel i226-V.
4. PC Engines APU2 iliyotumika, bodi ndogo ya kuundia ruta. Shemeji yangu anarudi kutoka Ujerumani, anaweza kunibebea.

Naombeni ushauri wa mtu aliyeshika vitu hivi kwa mkono.

kibo_net

Mkuu, chukua MikroTik hEX uachane na habari za mazabodi. Wati chache, na VLAN (kutenganisha mitandao kwenye waya mmoja) inafanya.

Mkazi_Chumbageni

Asante mkuu, najua ni kifaa kizuri. Ila OPNsense nimeshaizoea, na kijana wangu anajifunzia hapo hapo mambo ya mtandao. Ningependa nibaki nayo.

FundiMama_Moshi

Kaka, pole na umeme. Mimi natunza mtandao wa shule huku Moshi, na ruta zote tunaziunda wenyewe, kwa hiyo naandika kwa kirefu kidogo.

Kwanza usichague kwa kuangalia TDP (kiwango cha nguvu cha prosesa) iliyoandikwa kwenye tangazo. N100 imeandikwa wati 6, lakini hiyo ni prosesa tu, na ikipata kazi ya ghafla inaruka juu ya hapo. RAM, diski, chipu za mtandao na hasara ya pawasaplai havimo kwenye hiyo 6. Hasara ya pawasaplai ndiyo inayowaumiza wengi. Ukichukua mazabodi ya wati 10 ukaifunga na pawasaplai ya kawaida ya wati 500, ile pawasaplai inafanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, mahali ambapo inapoteza umeme mwingi kwa joto. Utapima kwenye soketi ushangae. Ndiyo maana napenda bodi yenye tundu la DC moja kwa moja. N100DC-ITX inakula volti 19 za adapta ya laptop, Futro ni volti 20, na APU2 ni volti 12. Kumbuka hiyo 12, nitairudia.

Pili, chipu ya mtandao. N100DC-ITX ina mlango mmoja tu, tena wa Realtek. OPNsense imejengwa juu ya FreeBSD, na huko Realtek ina historia ya kusumbua: laini inaganda mzigo ukizidi, watu wanalazimika kuweka draiva ya ziada. Ungekuwa unatumia OpenWrt, programu nyingine ya ruta iliyo juu ya Linux, nisingekuwa na wasiwasi hivyo. Unaweza kuongeza kadi ya Intel i350 yenye milango miwili, lakini kadi hiyo inakuja na kama wati nne zake, na i350 za kughushi zimejaa sokoni. Sasa umenunua bodi mpya, RAM, kadi na adapta, kwa laini ya Mbps 50. Naona ni gharama isiyo na sababu.

APU2 ina AMD GX-412TC, kori nne za GHz 1. Ukilinganisha na N100 ni dhaifu, na siku ukihamia gigabiti kamili, hasa kwa PPPoE (njia ya kuunganisha ya baadhi ya watoa huduma), itakulemea. Lakini kwa Mbps 50? WireGuard, VLAN na kugawa spidi vyote vinapita bila kutoa jasho. Milango yake mitatu ni Intel, i210 au i211 kutegemea toleo. Watengenezaji wenyewe waliandika kati ya wati 6 na 12 kulingana na kazi. Haina feni. Mwambie shemeji atafute yenye RAM ya GB 4, maana RAM imeunganishwa kwenye bodi, huwezi kuongeza baadaye. Na ujue kampuni ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaachana na bodi hizo, kwa hiyo unachonunua ni masalio. Bei ikikaribia ya kiboksi kipya cha N100, achana nayo.

Ukikutana na mitumba mingine: bodi za prosesa ya Intel J1900 hazina AES-NI (msaada wa prosesa kwa usimbaji), kwa hiyo OpenVPN, aina nyingine ya VPN, itaburuza, ingawa WireGuard haitegemei hiyo. Na zile za Atom C2000 za miaka ya mwanzo zikwepe kabisa. Intel ilikiri mwaka 2017 kwamba zina kasoro ya saa ya ndani, bodi inafanya kazi vizuri miezi mingi, siku ikizimwa haiwaki tena. Kwenye nchi ya umeme wa kukatika, fikiria mwenyewe.

Mkazi_Chumbageni

Dada, ubarikiwe. Hiyo volti 12 uliyosema, ni kwa ajili ya betri?

FundiMama_Moshi

Ndiyo, hapo ndipo roho yangu ilipo. Geuza kile kiboksi cha faiba usome lebo, vingi ni volti 12. Ikiwa na ruta ni 12, huhitaji inveta. UPS ya kawaida inachukua DC ya betri, inaigeuza AC, halafu adapta inairudisha DC, na kila mgeuzo unakula chake. Betri ya volti 12, Ah 7, ina kama Wh 84. Kwa betri ya risasi tumia nusu tu usiiue mapema, ni Wh 42. Ruta wati 8, faiba wati 6, swichi wati 3, jumla 17. Unapata kama saa mbili na nusu. Kwa kompyuta yako ya sasa, betri hiyo hiyo isingefika hata saa moja.

Usiunganishe betri moja kwa moja lakini. Ikiwa inachajiwa inafika volti 13.8, ikichoka inashuka chini ya 12. Weka katikati konveta inayoweza kupandisha na kushusha, itoe 12 iliyotulia, na fyuzi karibu na betri. Fyuzi usiiruke, kaka, betri ndogo inaweza kuyeyusha waya.

pwani_254

Salamu kutoka Mombasa. Mimi ninacho hicho kiboksi namba 3, N100 na i226-V nne, faiba yangu ni ya Mbps 500. Kwa kasi iko sawa kabisa. Lakini joto la huku ni la kuheshimu: kinapashika kiasi cha kutotaka kukigusa mchana. Niliingia BIOS nikashusha kikomo cha nguvu cha prosesa, nikaruhusu C-state (prosesa kusinzia ikikosa kazi), na usikiweke ndani ya kabati. Ukiona kiboksi cha bei rahisi chenye i225 badala ya i226, uliza toleo la chipu, zile za mwanzo zilikuwa na shida ya kupoteza pakiti.

FundiMama_Moshi

Asante ndugu wa Mombasa, na hilo la joto linahusu APU2 pia. Haina mapezi ya kupoza. Kuna kipande cha alumini kinachopeleka joto kwenye kasha lenyewe, kwa hiyo kasha ndiyo kipoozeo. Shemeji asinunue bodi tupu bila kasha na kile kipande. Ukikifunga, toa karatasi za plastiki kwenye pedi za joto pande zote mbili, kisha lisimamishe mahali penye hewa.

Wapangaji wape mlango wa tatu, hutahitaji VLAN wala swichi ya bei. Kwenye OPNsense weka fq_codel (mpangilio wa foleni unaogawa laini kwa haki), na kikomo uweke Mbps 45 badala ya 50, ili foleni ikae kwenye ruta yako unayoimudu, isikae kwa mtoa huduma.

Mkazi_Chumbageni

Nimemwandikia shemeji sasa hivi: APU2 ya GB 4, na kasha lake. Swali moja, hiyo bodi sioni tundu la skrini, nitaisakinishaje?

FundiMama_Moshi

Haina tundu la skrini kabisa. Ina tundu la siriali la pini tisa. Nunua waya wa USB kwenda siriali pamoja na waya wa null modem, ule unaovuka kutuma na kupokea, wa kunyooka hautaonyesha kitu. Spidi 115200. Pakua OPNsense ile iliyoandikwa serial, siyo vga. Na chomoa diski ya HP yako uiweke pembeni ikiwa nzima na mipangilio yake, mpaka hii mpya ipite wiki mbili tatu za umeme kukatika na kurudi.