Mada: Mfuko wa wasichana wa Simanjiro, tulipie nini hasa?

Mweka hazina, Minneapolis:

Ndugu zangu, habari za majukumu. Kama tulivyokubaliana kwenye kikao cha simu, pesa ya mfuko ipo na Januari inakaribia. Pendekezo lililopo ni tuwalipie ada wasichana wanaoingia kidato cha kwanza kwenye shule za kata kule Simanjiro, mkoani Manyara. Kuna ndugu yuko Orkesumet, yuko tayari kupokea kwa simu yake na kugawa. Naomba maoni kabla sijatuma.

Reading, Uingereza:

Kaka, asante kwa kututunzia mfuko. Nimefundisha sekondari wilaya hiyo kabla ya kuja huku, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Ada haipo tena. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hata cha tano na sita. Nayo ilipokuwepo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa. Kinachomtoa msichana shuleni ni umbali. Kata za kule ni kubwa mno, na kutoka kwenye boma la familia hadi shule hakuendeki kwa miguu asubuhi na kurudi jioni. Basi mzazi anampangia chumba kwa mtu karibu na shule. Mtoto wa miaka 14, peke yake au na mwenzake: godoro chini, ndoo, mafiga matatu nje ya mlango, debe la mahindi kutoka nyumbani. Debe likiisha katikati ya mwezi, na baba kahamisha ng'ombe kwa ajili ya ukame, anakula nini? Atakayemkuta na njaa ni kijana wa bodaboda, mwenye lifti na sahani ya chipsi. Nimefundisha wasichana wenye akili kweli kweli ambao vyumba vile vimewameza. Sheria tangu 2016 inampa anayemtia mwanafunzi mimba kifungo cha miaka 30, lakini kesi nilizozijua mimi, wazee walikaa wakayamaliza kwa mifugo.

Kwa hiyo naomba pesa yetu iende kwenye hosteli ya shule, na hasa kwenye chakula. Hosteli nyingi za shule za kata zimejengwa kwa nguvu za wananchi na wafadhili, na kumlisha mtoto ni juu ya mzazi: mahindi, maharage, na mchango wa kumlipa mpishi na matroni. Hapo ndipo familia nyingi zinaposhindwa, kitanda kinabaki kitupu na binti anarudi kupanga. Sisi wa nje tunapenda kujenga, kwa sababu jengo linapigwa picha likapendeza. Magunia ya maharage hayana picha, lakini ndiyo yanayomweka mtoto ndani ya geti usiku.

Kingine ni ile fomu ya kujiunga. Godoro, shuka, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, sare pea mbili. Vyote vinatakiwa siku moja ya Januari. Na taulo za kike ziwe kwenye bajeti kila mwezi, zisisubiri mtu akumbuke.

Kuhusu kutuma kwenye simu ya mtu, naomba tusifanye hivyo, hata awe mwaminifu namna gani. Pesa iingie akaunti ya shule, kwa muhula, na barua kwa mkuu wa shule yenye nakala kwa bodi ya shule na mtendaji wa kata. Risiti zirudi kwetu.

Na aliyejifungua tusimfute kwenye orodha. Serikali imemruhusu kurudi shuleni tangu Novemba 2021.

Columbus, Ohio:

Shikamoo mwalimu. Umenifungua macho. Mimi nilitaka nichukue binti mmoja nimlipie mwenyewe mpaka amalize. Je, hiyo naweza kuiondoa kwenye kodi ya huku?

Mweka hazina, Minneapolis:

Dada, hapana. Pesa unayompa mtu mmoja uliyemchagua haipunguzi kodi Marekani, hata awe na shida kiasi gani. Inapunguza ukichangia shirika lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani shirika la hisani lililosamehewa kodi, na bodi yake iwe ndiyo inayoamua nani asaidiwe. Sisi bado hatuna hadhi hiyo. Kikundi kinachotarajia kuingiza si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka kinaweza kuomba kwa fomu 1023-EZ, ambayo ada yake ni dola 275. Nitaliweka kwenye ajenda. Wa Uingereza, mkichangia kupitia shirika lililosajiliwa na mnalipa kodi huko, Gift Aid, mpango wa serikali ya huko wa kurudishia shirika kodi ya mchangiaji, inaongeza peni 25 kwa kila pauni.

Mwalimu, nimesimamisha kutuma. Tuandikie rasimu ya barua kwa mkuu wa shule. Tumuulize vitanda vingapi vina mtu na vingapi viko vitupu, magunia mangapi kwa muhula, na matroni analipwa na nani. Majibu yakifika nitayaleta hapa, tupige hesabu kabla ya shule kufunguliwa.