Wauza famasi, nani kawaambia vidonge vya kusogeza hedhi vinazuia mimba?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na hawa watu wa famasi, na wale wa maduka ya dawa muhimu huko mtaani nao wamo humo humo.

Wifi yangu yuko Morogoro, kaka yangu yuko mgodini Geita. Likizo anapangiwa, hachagui. Safari hii karuhusiwa, wifi kupiga hesabu akaona siku zake zinaangukia hapo hapo. Akaenda famasi moja mjini akajieleza vizuri kabisa: mume anakuja, nataka kusogeza siku, nina mtoto mdogo niliyejifungua kwa upasuaji, mimba nyingine sitaki sasa hivi. Akaomba na kondomu. Kijana wa dukani akacheka, "Anti, kondomu za nini tena? Hivi vinamaliza vyote." Mkasi ukapita kwenye strip, vidonge vikatumbukizwa kwenye kibahasha, juu kikaandikwa 1x3. Basi. Karatasi ya maelezo imebaki kwenye boksi, na boksi limebaki kwao.

Kwa wasiojua, dawa yenyewe ni norethisteroni ya miligramu 5. Unameza kimoja mara 3 kwa siku, unaanza siku 3 kabla ya tarehe unayotegemea damu, na ukiacha, damu inakuja baada ya siku 2 au 3 hivi. Inashikilia ukuta wa mfuko wa uzazi usibomoke. Ukimeza kwa mtindo huo usiihesabu kuwa kinga ya mimba. Mwenye mzunguko ulionyooka, yai lake linatoka kama wiki 2 kabla ya hedhi, kwa hiyo akianza kumeza limeshapita. Sasa wifi ananyonyesha, na tangu siku zake zirudi hazieleweki, mara mapema, mara zinachelewa mpaka anakata tamaa. Hiyo "siku 3 kabla" angeijulia wapi? Huenda yai lake ndiyo kwanza lilikuwa linajiandaa, na mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai mwilini hadi siku 5.

Swali moja tu la "mzunguko wako ukoje" lingetosha. Hakuulizwa. Hakuulizwa kama amewahi kuganda damu mguuni, kama ana shida ya ini, wala kama tayari ana mimba.

Kuna kidonge cha uzazi wa mpango chenye dawa hii hii, ila hicho ni miligramu 0.35, kimoja kila siku, saa ile ile, bila kuruka. Nahisi yule kijana alisikia jina akaunganisha mwenyewe. Tena kuna wanaotumia vidonge vya majira vya homoni mbili, hao wanaweza kuruka vile vya kahawia vya wiki ya mwisho wakaanza pakiti mpya. Siku zinasogea na kinga inabaki. Mnayajua haya nyie mnaovaa makoti meupe, au koti ni la mwenye duka?

Sasa sikieni kilichonipandisha presha. Kaka karudi Geita, wifi kaacha vidonge, anasubiri. Wiki inakatika, kukavu. Akarudi famasi ile ile. Akaambiwa homoni zimevurugika, akauziwa vidonge VILE VILE, safari hii eti "vya kushusha"! Jamani! Damu isipokuja baada ya kuacha hivyo vidonge, kinachofuata ni kupima mimba, na vipimo vya mkojo viko kwenye kabati nyuma ya mgongo wake. Mimi ndiye niliyemng'ang'aniza apime. Mistari miwili, imekolea.

Shirika la Afya Duniani linashauri miezi isiyopungua 24 baada ya kujifungua ndipo mtu ajaribu mimba nyingine. Huyu hata nusu yake hajafika, na ana mshono. Kliniki (hao nawasifu) wamemwachisha vidonge siku ile ile, wakamuuliza alimeza vingapi na tangu lini, na sasa wanamfuatilia kwa karibu. Ndiyo mara ya kwanza katika sakata lote hili mtu kumuuliza kitu.

Na mnaojiandaa kuandika "mwanamke mzima hajui kujikinga", rudini juu mkasome tena habari ya kondomu. Alienda kwa mtu aliyeamini kasomea.

Kila Ramadhani ikikaribia, na msimu wa Hija, na harusi za Desemba, vidonge hivi vinauzwa kwa kibahasha hivi hivi. Wangapi wanajua walichomeza?

Kuna aliyewahi kupeleka malalamiko Baraza la Famasi? Wanataka vielelezo gani? Risiti hatuna, hawakutoa.